Zamu ya Usiku, Kizota

Mama akiniuliza kazi yangu, namwambia: nachunga makontena.
Anadhani ni yale ya bati, yaliyokatwa dirisha,
wanamouzia misumari na vocha kule Majengo.
Sijamsahihisha. Hakukosea sana.
Na yangu yana mlango, yana kilichomo,
ila hufa hata mara kumi kwa usiku
na hakuna anayekaa matanga.

Agosti. Upepo wa Dodoma unagonga bati
kama mdai asiyejua saa.
Kukicha, wakulima wa zabibu wa Hombolo wanalipwa.
Mfumo wetu una vipande kumi na kimoja:
kipo kinachosoma mizani,
kipo kinachojua bei,
kipo kinachotunza daftari, na hicho hakiruhusiwi kufa,
kipo kinachobisha hodi benki,
na mdogo wao, ambaye kazi yake ni kutuma ujumbe tu:
Ndugu, umelipwa.

Juu yao yupo mmoja asiyelala.
Waliomuunda ng'ambo walimwita mshika usukani wa chombo.
Bahari yetu ni bwawa la Hombolo, na lina tope;
sisi tunamwita mnyapara.
Anahesabu vichwa:
uliniambia watatu, wapo wawili, namleta wa tatu.
Haulizi marehemu alikuwa nani.

Saa tano na nusu tukapandisha toleo jipya.
Ndahani akasema, "Nakala moja moja.
Usibomoe jiko, ugali uko motoni."
Nikafuata. La kwanza likasimama. La pili.
Kisha mtuma ujumbe akaanguka.
Akainuka. Akaanguka.
Akaja mwingine, jina jipya, herufi za ovyo mkiani,
akasema yuko tayari,
akaipokea foleni, akaanguka.
Mara ishirini na tatu.
Na kila mara mnyapara akangoja kidogo zaidi kabla ya kumwinua,
kama mzazi aliyechoka kumwamsha mtoto wa shule.

Nikaulaumu mtandao.
Nikaulaumu umeme uliokatika jana, jenereta,
kijana aliyeandika toleo, hata upepo.
Nikapekua mistari ya foleni, mmoja mmoja,
nikakutana na jina la mama:
Sechelela M., kilo mia saba na arobaini.
Ningeweza kumvuta mbele.
Kidole kilikaa juu ya kitufe muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri.
Foleni ni foleni. Nikapita.

Ndahani, mdomo umejaa karanga: "Umefungua faili la vipimo?"
Sikuwa nimelifungua.
Mle ndani, kwa mkono wangu mwenyewe, mwezi Machi,
nilimpimia yule mdogo kumbukumbu kibaba kimoja.
Machi tulikuwa na wakulima mia mbili.
Sasa ni elfu nne na ushee.
Hakuwa mgonjwa. Alikuwa na njaa,
na ufunguo wa ghala nimeuvaa shingoni.

Nikabadili tarakimu moja.
Tarakimu moja, jamani, baada ya saa tatu.
Akaja wa ishirini na nne, akala, akabaki.
Foleni ikashuka: elfu nne, elfu tatu na mia sita,
mia tisa,
kumi na mbili,
sifuri.
Hatukushangilia. Ndahani aliunganisha viti viwili akalala na viatu.

Saa kumi na moja simu ikalia.
"Mtu wako ameniandikia usiku huu. Umelipwa, umelipwa.
Mara mbili. Je, nimelipwa mara mbili?"
"Hapana, mama. Mara moja tu.
Wa kwanza alikufa kabla ya kuweka alama kwamba ametuma,
mwenzake akaanza upya."
Akanyamaza. Nikasikia jogoo wa kwetu, na ndoo ikiwekwa chini.
"Basi poleni," akasema. "Poleni sana na msiba."

Nilitaka kucheka.
Nikaitikia tu: tumeshapoa, mama.
Kisha nikaandika kwenye daftari la zamu:
ujumbe unajirudia. Jumatatu tuangalie.